Simu ya Meza ya Zaituni

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Naanza na goti lako: je, sasa linakubali ngazi, au bado wasali juu ya kiti? Na shemeji, kifua kimetulia? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haukai. Sababu umekwisha kuipata, kwa kuwa binti yako Zaituni amefika kwako Faza na sanduku lake. Amekueleza aliyoyaona. Niruhusu nikueleze asiyoyaona, na nianze na simu zenyewe, maana bila kuzielewa hutalielewa kosa langu.

Wajua kwamba nilipostaafu ualimu, hoteli moja ya hapa Diani ilinipa kazi ya mitambo, nami nikamwombea Zaituni kazi ya kupokea simu za wageni. Mwaka huu wakaleta simu za mtandao. Simu hizi haziji na namba. Ukiichomekea waya, inapata umeme, kisha inauliza: anwani yangu ipi, na mipangilio yangu iko wapi? Mtandao unaipa anwani na kuielekeza kwenye kompyuta iliyo ofisini mwangu. Huko inajitaja kwa namba ya kiwandani, ile iliyobandikwa chini ya tumbo lake. Kompyuta inatazama orodha yangu: wewe ni simu ya meneja, shika namba yako na neno lako la siri. Ndipo simu inapokwenda kujisajili kwenye mtambo mkuu, kama mgeni anayeandikisha jina mapokezi. Tangu hapo, anayetafuta namba hiyo huletwa kwake.

Haya niliwaeleza wafanyakazi tukinywa chai, nami nikayafurahia maneno yangu mwenyewe. Kevo wa idara ya vyumba, mtu mzima mwenye ndevu, akasogeza kiti.

"Kwa hivyo mzee, simu haijali iko meza gani?"

"Haijali. Hata ukiipeleka jikoni, itabaki na namba yake ileile."

"Hata ya bosi?"

"Hata ya bosi."

Kevo alikuwa na mazoea ya kumcheka Zaituni kwa jinsi anavyosalimia wapigaji, mpaka akambandika jina la Bi Hujambo. Asubuhi ya pili, meneja hajafika, akabadilisha simu mbili zinazofanana kama mayai: ya Zaituni akaiweka kwa meneja, ya meneja kwa Zaituni. Kisha akakaa na wenzake kungoja kichekesho.

Simu ikalia. "Bi Hujambo, shika hiyo! Msalimie na ukoo wake wote!"

Zaituni alikuwa akiandika, akabonyeza spika. Ilikuwa sauti ya mkubwa wetu wa Nairobi, asiyengoja salamu, akidhani amempata meneja: "Yule mama wa simu ushamwambia? Wiki ijayo mashine inaanza kujibu, hatumhitaji."

Zaituni akaweka kalamu chini.

"Hajaambiwa, bwana. Sasa ameambiwa. Ahsante kwa kupiga."

Mtu mmoja akacheka. Hapo meneja akatoka ofisini na simu ya Zaituni mkononi, amechoka kuulizwa na wageni habari za taulo. Alipoelezwa yaliyotokea, hakumtazama Zaituni hata kidogo.

"Mzee, yangu nirudishie. Hii nyingine ifute kabisa, mambo yaishe."

Nikaifuta, dada, Zaituni amesimama nyuma ya kiti changu. Nikaiondoa kwenye orodha, nikaizima na kuiwasha. Ikauliza mipangilio yake, ikakosa. Ikauliza tena. Kiooni pakaandikwa kuwa haijasajiliwa.

"Mjomba, ulijua?"

Nikamwambia sikujua.

Sasa sikiliza. Mwezi mmoja nyuma niliagizwa nirekodi sauti yake, asubuhi mbili: karibu, bonyeza moja kwa vyumba, bonyeza mbili kwa chakula. Nilimwambia ni ya kutumika anapokwenda kusali. Siku chache baadaye ikaja orodha mpya kutoka Nairobi. Mbele ya namba sifuri, namba yake, hapakuwa na simu; paliandikwa mashine. Niliona, wala sikuuliza. Mkataba wangu mpya wa kazi ulikuwa mezani kwa meneja, bado haujatiwa sahihi.

Akiondoka aliniambia mlangoni, "Kazi wamechukua. Sauti yangu ifute, mjomba." Nikamwahidi. Mashine ilipoanza kujibu nikaenda kwa meneja, akasema sauti ni mali ya hoteli, na tena wageni wameipenda. Kevo kila akija kazini hubonyeza sifuri na kuiweka kwenye spika. "Bi Hujambo, umeamkaje?" Naye Zaituni humkaribisha vizuri, na wenzake hucheka upya kama jana hawakucheka.

Kuifuta ni kazi ya kidole kimoja. Nimekaa mbele ya kompyuta siku saba. Mkataba umetiwa sahihi, na sauti iko palepale.

Nakusihi usipige simu hapa. Atakupokea kwa adabu uliyomfunza wewe, nawe utamwita mwanangu, naye atakwambia ubonyeze moja.

Nisalimie shemeji, na Bi Rukia jirani yako aliyetulea, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfunza Zaituni kusoma kwa sauti. Zaituni usimpe salamu zangu, hatazitaka. Mwambie tu jibu la swali lake: nilijua.

Mimi nduguyo,
Athmani
Ukunda