Vimpira vya Meno ya Baba

Sumbawanga, 14 Septemba 1996

Kaka Vitus,

Leo sikuamkii. Yonas wangu ananipenda hadi naona haya, ila wewe umeniudhi. Siku ya harusi, Baba akitubariki, meno yake ya bandia yalichomoka yakaangukia shela langu. Wakwe wakacheka. Skrubu ulizompeleka kuwekewa huko uliko, Ndola, Zambia, zingali imara kwenye taya; vimpira vinavyoyashikilia meno ndivyo vimechakaa.

"Vitus alisema ni ya maisha," Baba akaniambia.

Nimesoma kadi ya daktari, Kiingereza changu kinatosha: vimpira vibadilishwe kila mwaka. Tangu awekewe ni miaka minne, na wewe uliyejua hukutuambia. Sasa Baba haendi hata misa.

Yonas ananisihi nikusamehe. Yeye ana moyo mzuri, mimi sina. Vimpira vipya usimpe mtu avilete. Vilete mwenyewe, umtazame Baba usoni.

Mdogo wako,
Luciana