Ningsih Wawili, Cheti Kimoja

Karangsari, Lampung,
9 Oktoba 2019.

Mpendwa Kaka Warsito,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Johor, na kile kikohozi kinakuacha ulale? Sisi wazima wa mwili, alhamdulillahi. Tempe yangu ya soya bado naikaanga na kuiuza kila asubuhi. Moyo ndio mgonjwa, kaka, na leo nisipokueleza nitapasuka.

Bila shaka ulisikia kwamba mpwa wako Ningsih alipata medali ya kunyanyua vyuma. Wapimaji wa mashindano walipompima damu, wakasema homoni za kukuza mwili zimezidi kipimo cha msichana wa miaka kumi na tisa, eti amejidunga. Basi kijiji kizima kikapata la kusema. Sutinah wa dukani alinipigia kelele mbele za watu, "We Mama Ningsih, na hiyo tempe yako umeidunga sindano?" Wakacheka, nami nikarudi nyumbani bila chumvi niliyoifuata.

Mtoto aliapa kwa Mungu hajagusa sindano. Daktari aliyekuja kutuhoji, mama mmoja mpole, alitueleza kwamba hesabu yao huingiza umri: damu ya mtoto anayekua ina vitu hivyo tele, na mtu akishakomaa hupungua. Kisha akaniangalia. "Mama, huyu ana miaka mingapi, kweli kweli?"

Nilipima moyoni, kaka. Kusema ni medali kwenda, maana mashindano yale hayakuwa ya watoto. Kunyamaza ni mwanangu kufungiwa miaka na kuitwa mwizi. Mwishowe nikasema.

Unakumbuka tulivyomzika Ningsih wa kwanza, miaka miwili tu, kwa homa ya siku tatu. Mwaka uliofuata nikajifungua huyu, nawe kwa huruma ukaniambia, "Cheti cha kuzaliwa kipo, jina zuri, ya nini kuhangaika mjini?" Sikulaumu. Nilikuwa na uchungu, nikaona kama mwanangu amenirudia. Hitma nilimsomea, lakini kifo chake sikukiandikisha.

Huyu wa pili sikumwambia kamwe. Amekuja kujua mbele ya daktari, mtoto wa miaka kumi na sita, na jezi ya taifa mwilini. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hata ile siku ya kuzaliwa mnayonipikia wali wa manjano si yangu?" Nilitamani ardhi inimeze.

Walipiga hesabu upya kwa umri wake wa kweli, damu ikaonekana safi. Medali ameirudisha mwenyewe.

Jana tukaenda ofisi ya vizazi na vifo kuandikisha msiba wa miaka kumi na saba, ndipo huyu apate cheti chake. Karani alimaliza kuandika, akasoma kwa sauti ahakikishe: "Marehemu, Ningsih binti Paijo." Na mwanangu, aliyeketi ubavuni pangu, akaitika, "Abee."

Karani akaweka kalamu chini. Hapo ndipo nilipolia, kaka, kilio nilichokibana tangu mazishi yale.

Paijo anakusalimu. Nisalimie wifi Parti na wanao. Mungu akulinde ugenini na akurejeshe kwetu salama. Mpwa wako naye anakusalimu. Tumepewa wiki mbili tumchagulie jina, na kila ninalomtajia analikataa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Tumirah