Nepi Juu ya Ua wa Michongoma

Jumamosi. Joto la Ifakara leo linakera. Mawingu yamejaa na mvua haitaki kunyesha. Naandika kwenye simu, kwenye benchi la hospitali. Nimesimama na kukaa mpaka mama wa benchi la mbele ameanza kunitazama.

Tumaini, mwanangu wa miezi mitano, jicho lake la kushoto limevimba. Shingoni na mapajani ana vipele, na sauti imemkauka kwa kulia. Kila akitaka kulifikicha lile jicho, bibi yake anamshika mkono.

Sababu naijua. Tangu jana naijua.

Mama mkwe alifika juzi kutoka Idete kumwona mjukuu. Yule mama na kazi ni pete na kidole. Begi hata hajalifungua, ameshashika beseni la nepi. Akazifua, akazitandaza juu ya ua wa michongoma kwa sababu pale jua linapiga vizuri. Juu ya ua ule yananing'inia matawi ya mti wa jirani, na msimu huu mti umejaa viwavi wa manyoya, wale ambao manyoya yao yakikugusa tu ngozi inawaka. Mimi huanika kwenye kamba, upande wa pili kabisa.

Nilimwona. Nikanyamaza.

Utamwambiaje mama mkwe, siku ya kwanza tu, kwamba hajui kuanika? Nilijiambia nitazitoa kimya kimya akienda kuoga. Mtoto akalia, nikanyonyesha, nikapitiwa. Jioni nikazikuta zimekunjwa vizuri kitandani, na mimi mwenyewe nikamvalisha.

Jana daktari aliuliza, "Nguo za mtoto mnaanika wapi? Kuna viwavi hapo?" Mama mkwe alikuwa karibu na mlango amempakata mjukuu wake, anamwimbia, swali hata hakulisikia. Nikajibu, "Kwenye kamba, daktari." Tukapewa losheni ya vipele vya joto, tukarudi nyumbani.

Nilimdanganya daktari ili mkwe asione aibu. Mficha maradhi... sitaki hata kuimalizia.

Leo jicho halikufunguka. Baba yake yuko Malinyi kununua mpunga, simu haipatikani. Nikamfuata mama jikoni, anapepeta mchele. Nikapiga magoti, shikamoo yenyewe ikatoka na machozi, nikamwambia yote: ua, mti, viwavi, na uongo wangu. Nilijua atafunga begi arudi Idete na habari yangu ienee ukoo mzima.

Aliitazama mikono yake. Nayo ina vipele tangu juzi. Alidhani ni pumba za mpunga.

"Mbona hukuniambia, mwanangu? Mimi ni mgeni wa ua wako, siyo mgeni wa mtoto huyu."

Akaweka ungo chini. Akatoa kanga safi ndani ya begi lake, akamfunga Tumaini, akatoka barabarani kusimamisha bajaji hata kabla sijavaa viatu.

Sasa tumebakiza mtu mmoja mbele yetu. Daktari ni yule yule wa jana, nimemwona akipita. Naogopa kwa ajili ya jicho la mwanangu, naogopa sana, na uso wangu sijui nitauweka wapi.

Mama mkwe amenivuta mkono nikae. Ameniambia daktari akiuliza nguo tunaanika wapi, nisijibu. Atajibu yeye.