Nyanya za Upande wa Chini

Kaka yangu,

Habari za huko kazini? Goti la mama limepoa, sasa anakwenda dukani mwenyewe na kugombana na muuzaji.

Kaka, nyanya ulizotolea akiba yako zimeingiwa na ugonjwa wa mnyauko. Bwana shamba alikata shina akalitazama, akasema, "Dada, ng'oa upande wote wa chini leo, la sivyo shamba zima litakwenda." Nilikupigia, hukupatikana. Nikang'oa, na matunda yake mabichi, huku nalia. Mama anasema nilikuwa na pupa.

Siku ya tisa hii nakagua upande wa juu, mstari kwa mstari. Leo nimekuta mche mmoja umelegea majani. Nimeung'oa, nimeuchoma. Mama sijamwambia.

Nipigie.

Mdogo wako, roho juu