Nilisema Esanse Iko na Maji

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa sita

Bujii safi, zinatoa cheche. Filtiri ya hewa safi: wiki iliyopita niliiosha mwenyewe, nikailowesha mafuta ya motere kama tunavyofanya kwa kamyo zote za mizigo hapa Kindu, vumbi lisipite. Sasa motokari ya mukubwa wa chama, ukikanyaga tu, inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Haina hata karibirateri ya kuchanganya esanse na hewa! Siku ya nne hii. Imenichosha.

Jumanne, tarehe 6

Mukubwa amekuja mwenyewe. Anaitaka kwa safari ya Lubutu. Ameniuliza mbele ya watu shida ni nini. Sikujua. Kusema sijui, nikaona haya. Nikasema esanse ya ndani ya tanki iko na maji.

Jioni askari wamemukamata shemeji Ramazani, kaka ya bibi yangu. Yeye njo aliyeniuzia ile esanse. Yuko kasho, amefungiwa. Mudomo huu wangu!

Jumatano, tarehe 7

Bibi yangu Mwamini hasemi nami. Amepika, amepelekea kaka yake yote. Mimi nimekula muhogo wa jana. Haki yake.

Nimetia esanse ileile ndani ya pikipiki ya jirani. Imekwenda mpaka uwanja wa ndege na kurudi, haikukohoa hata mara moja. Maji hakuna. Nimeitukana motokari peke yangu kama mwendawazimu.

Alhamisi, tarehe 8

Nimefungua bomba la hewa. Nyuma ya filtiri kuna kisanduku chenye kifuniko kidogo. Kinapima hewa inayoingia, motere ijue inywe esanse kiasi gani. Kifuniko kinatakiwa kicheze ukikigusa kwa kidole. Kimenata. Mafuta na vumbi, uji mutupu. Mafuta yangu, ya filtiri!

Kosa njo langu. Nimekisafisha kwa esanse ya Ramazani, filtiri nimeirudisha kavu. Motere imeitika palepale. Sikufurahi.

Ijumaa, tarehe 9

Nilipanga kumwambia mukubwa baada ya sala. Amekuja kabla, mbiombio. Nikafungua mudomo. Akasema, "Asante, citoyen, kazi unaijua kweli." Nikamupa ufunguo. Mwoga mimi! Akawasha, akashika njia ya Lubutu.

Nimekimbia kasho. Mulinzi anasema bila sahihi ya mukubwa, hakuna muntu anatoka.

Jumamosi, tarehe 10

Chakula nimepeleka mimi. Wali na sombe. Nimemwambia Ramazani yote.

Akauliza, "Sasa inatembea vizuri?"

"Vizuri sana, shemeji."

"Basi mukubwa atarudi haraka."

Akanawa mikono, akala.