Nyuzi za Darubini Yako

Kamwene, shemeji Lazaro.

Ni mimi, shemeji yako Mgaya. Uandishi wangu unaujua, darasa la tatu halijanipeleka mbali. Lakini Mafinga nzima hakuna seremala wa kunishinda kunyoosha kitu, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Dada, mkeo, yupo. Anakula kidogo. Mahindi yamevunwa. Bunduki yako polisi wameichukua kama sheria inavyotaka, darubini yake ya kulengea wakatuachia. Nimeipeleka Iringa kwa fundi wa kamera, autoe ule ukungu wa ndani.

Fundi akachungulia, akauliza, "Nani amezungusha skrubu hizi?" Nikamwambia sijui.

Ni mimi, shemeji. Ile asubuhi ya nguruwe pori kule Nyololo, ulipoingia kunywa uji, nilichungulia nikaona zile nyuzi mbili za kulengea zimekaa pembeni, kama dirisha lililopachikwa na mlevi. Nikatoa sarafu, nikazungusha skrubu mpaka zikaja katikati. Nikajisifu moyoni.

Fundi kanieleza. Wamarekani wa zamani ndivyo walivyozitengeneza: bomba la chuma, na ukirekebisha shabaha, nyuzi zenyewe zinahama ndani ya kioo. Zikikaa pembeni, hapohapo pembeni ndipo risasi inakwenda. Zile ambazo nyuzi hubaki katikati siku zote walibuni baadaye. Hata ukungu ni wa enzi hizo, walikuwa bado hawajajua kuzijaza hewa kavu. Darubini aliyokuachia yule mwindaji Mmarekani uliyemwongoza porini zamani ilikuwa nzima kabisa.

Asubuhi ile ukakosa mara tatu. Nguruwe akaondoka anatembea. Wanaume wakacheka, "Babu, kakuaga huyo!" Mimi nikawazidi: "Shemeji, macho yamekwisha, kaa jikoni upukuchue mahindi."

Wewe ukasema tu, "Labda." Ukatundika bunduki. Hukuishika tena mpaka unakufa.

Sijalia. Nakaa karakana, napiga randa ubao ambao umeshanyooka.

Nilimwomba fundi azirudishe nyuzi zilipokuwa. Akasema bila bunduki yenyewe kufyatuliwa, hakuna wa kujua zilikuwa wapi. Ulijua wewe peke yako.

Nikichungulia sasa ziko katikati kabisa. Zimependeza. Hazina kazi.

Jumapili ni arobaini yako. Wanaume walewale watakuja. Sijawahi kusema nimekosea, hata kwa mchungaji, lakini nitasimama niwaambie ni mkono wangu, siyo macho yako. Dada nitamwambia kwanza, leo, nikishakunja karatasi hii.

Lala, shemeji. Ulikuwa unalenga vizuri.