Makopo ya Saruji ya Sudi

Jumanne

Mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Amesema hivyo Bi Zuhura, mtaalamu wa viungo, leo asubuhi. Ndio unaonichoma kutoka bega la kulia hadi kidole gumba. Nisinyanyue kitu kwa wiki sita, na haahidi kwamba vidole vitarudi kama zamani.

Haya nayaandika kwa kushoto, hati kama ya mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Miaka ishirini nimenukuu maneno ya watu kwa mkono ule mwingine. Kama haurudi, sijui nitafanya kazi gani.

Nilipita mtaa wa Wiyoni kumweleza Sudi, mwalimu wetu wa kunyanyua vyuma. Akacheka mbele ya vijana wake. "Mkono wako umezowea kalamu, bwana. Kanyanyue birika kwanza."

Nao wakacheka. Mimi nilikuwa natazama chuma chake. Ni bomba la maji lenye kopo la rangi kila upande, limejazwa saruji. Alimimina mwenyewe, akakadiria kwa jicho, akaandika kilo ishirini kotekote. Limewekwa katikati ya benchi, na bado lilikuwa linainamia kulia. Miezi minne nimelala chini yake.

Nikamwambia nitaleta mizani.

"Lete. Tutaupima na ulimi wako."

Bi Mwanaesha muuza samaki ameniazima yake. Makopo yakiwa sawa, nitamwomba Sudi radhi papo hapo. Yasipokuwa sawa, atasoma uzito mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wale wale waliocheka.

Naipeleka Alhamisi, baada ya swala ya alasiri.